Magurudumu ya Gari la Oscar na Heshima ya Wazee

Sambasha, Arusha

Kwa Ndugu Fundi Rodrick, gereji ya Sombetini.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliponipigia simu kuuliza kama gari la Oscar lifungwe magurudumu ya inchi kumi na saba au kumi na tisa, nilikuahidi jibu la maandishi kabla ya kupanda mahindi. Sasa mahindi yamefika magotini. Sikunyamaza kwa dharau. Nilikuwa nikitafakari, na kwa muda fulani nilikuwa nikiuguza kiuno, nacho kiuno hicho kinahusika na barua hii.

Oscar ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Amelelewa vizuri: hawezi kuoa, kujenga wala kubadilisha magurudumu bila kuniuliza mimi, baba yake mkubwa. Ndiyo maana akakuelekeza kwangu. Lakini kabla ya kusema neno juu ya inchi, sina budi kulalamikia kazi uliyokwisha kuifanya, yaani kulishusha gari hilo la njano la milango miwili mpaka kuku wetu hawapiti tena chini yake.

1. Salamu. Kwetu mtoto anapomsalimu mzee huinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini. Hivyo ndivyo nilivyowasalimu watoto wa Sambasha tangu nipate mvi, nikiwa nimesimama au nimeketi kwenye kigoda. Jumapili moja Oscar alinichukua kanisani kwa gari lake, na watoto wakaja dirishani. Nilinyoosha mkono, nikagusa mkanda wa suruali. Aliyefuata nilimgusa goti. Shikamoo zote zilinishukia kutoka juu. Mtoto mmoja wa chekechea alinitazama kwa huruma, akamwuliza mama yake kama babu ametumbukia.

2. Posa. Oscar anataka kumwoa Hanna, binti wa Mzee Mikaeli wa Kikwe, na mimi ndiye msemaji wetu. Msemaji hushuka kwanza, husimama wima, hushika fimbo yake, huitazama nyumba ya watu, ndipo husalimu. Fundi, katika gari lile mtu hashuki. Kutoka ndani yake ni kupanda. Nilitanguliza fimbo, nikatoa mguu mmoja, nikakosa pa kushika. Oscar hakuweza kunisaidia kwa kuwa muoaji hubaki ndani mpaka aitwe. Nikatoka kwa mikono na magoti hadi kwenye migomba ya Mzee Mikaeli. Mzee Elinaza, mwenzangu, akanifuata kwa namna ileile, akidhani ndivyo tulivyopanga.

Akina mama wa Kikwe, waliokuwa wamejiandaa kupiga vigelegele, wakajiziba midomo kwa khanga. Mzee Mikaeli hajapata kuona watu wakija kwa magoti isipokuwa wamekuja kuomba msamaha. Kwa hiyo akauliza, kwa haki kabisa, kijana wetu amemfanya nini binti yake. Oscar akasema hajafanya lolote. Kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka. Tulirudishiwa soda zetu zikiwa hazijafunguliwa, na Mzee Mikaeli ametamka kwamba hatazungumza nasi tena mpaka tufike kwake tukiwa tumesimama. Hanna amerudi chuoni Makumira akiwa na macho mekundu. Oscar husukuma sahani mbele kabla ugali haujapoa. Posa nzima, Fundi, imekwama juu ya springi ulizozikata.

3. Matuta. Kabla ya aibu hiyo palikuwa na safari yenyewe. Matairi yalisugua madigadi katika kila kona, na harufu ya mpira ulioungua ilitusindikiza mpaka Usa River. Tulipofika kwenye tuta, Oscar alituomba kwa adabu tutoke ili gari lipate kupumua. Alituvuta mmoja mmoja, tukavuka tuta kwa miguu nyuma ya gari, taratibu, mimi na Elinaza tukiwa tumejitanda mashuka yetu, na dada yangu Nice akiwa amekumbatia kibuyu cha maziwa. Kisha tukaingia tena mpaka tuta lililofuata. Pale Tengeru watu walivua kofia. Mwanamume mmoja akauliza marehemu alikuwa nani, na Nice akaninyooshea kidole, akamjibu kwamba ni Mzee Sankale, ila bado anatembea.

4. Inchi. Ulinieleza kwamba gurudumu la inchi kumi na tisa hufungwa tairi lenye ubavu mwembamba, na la kumi na saba hufungwa tairi lenye ubavu mnene, ili vimo vyao vilingane. Nimepima kwa rula yangu ya ualimu na kuona ni kweli. Basi nauliza kwa nia njema: tunachagua nini? Ukubwa unaoongezeka bila mtu kuinuka ni ukubwa wa namna gani? Tena ubavu wa lile tairi la kumi na tisa unatoshana na vidole vyangu vitatu, na mawe ya Sambasha hayana tabia ya kubembeleza rimu.

Kwa hiyo nimefanya hesabu yangu. Ili mkono wangu ufike utosini mwa mtoto, na ili nitue kwa Mzee Mikaeli kama mtu, kiti hakina budi kupanda kiasi cha kiwiko hadi ncha ya kidole. Gurudumu likirefuka, kiti hupanda nusu tu ya urefu huo. Nusu nyingine huenda juu ya ekseli bila faida yoyote kwa mzee. Nimepita nikipima kila gurudumu lililonikubalia kulisogelea, na lililotosha ni moja: la nyuma la trekta.

Naomba ufunge manne.

Najua madigadi yatazuia, yakatwe. Najua milango haitafunguka; paa liondolewe, nasi tutaingilia juu. Ngazi ninayo. Oscar atasema kwamba halitakuwa tena gari la michezo, nami nitamjibu kwamba Kikwe hatuendi kucheza.

Hata hivyo, sipendi kuamua peke yangu. Nimewaita wazee wa ukoo tulizungumze. Wasalimu vijana wote wa gereji, Mama Jackline anayewachemshia chai, na yule paka anayelala juu ya betri. Uamuzi ukifikiwa nitakuandikia siku hiyohiyo. Hadi hapo usikaze nati hata moja.

Wako katika kutafuta kimo,

Mwalimu Sankale Lukumay (mstaafu)

Nyongeza. Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa Mzee Mikaeli alipopanda Sambasha kuja kutuambia kwamba posa imekufa. Alikataa kuingia ndani, kwa sababu habari ya namna hiyo husemwa uani. Mvua ikashuka, na kilichokuwa karibu ni gari la Oscar. Tukaingia.

Alianza kusema alichojia. Nikakasirika, nikataka kuinuka na kuondoka, kama mzee anavyopaswa. Sikuweza. Naye akakasirika kwa kuwa nimekasirika, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja. Hakuweza. Nimesema posa nyingi, Fundi, na sijapata kukaa na mtu mpaka hasira imwishie palepale, kwa kuwa siku zote mmoja wetu hutoka nje. Alijaribu tena, goti lake likalia, akanitazama, akaanza kucheka. Ndipo alipoelewa namna nilivyofika kwenye migomba yake.

Elinipa, mke wangu, alipokuja na majirani kutuvuta, tulikuwa tumemaliza kila kitu. Oscar na Hanna wataoana mahindi yakishavunwa. Watoto nao walikuja kutazama wazee waliokwama, na ili watuone iliwabidi wainame mpaka vichwa vikaingia dirishani. Tuliwagusa wote utosini, bila kunyoosha mkono.

Mzee Mikaeli ana binti mwingine, Evelyn, na ameomba mazungumzo ya posa yake pia yafanyiwe humo garini. Basi funga yale magurudumu ya kumi na saba, kwa ajili ya mawe. Na ukipata nafasi, lishushe kidogo tena.