Neno Moja Linatosha

Jumatatu, 6 Mei

Bosi wa duka letu la dobi katangaza mambo mawili. Kwanza, daftari la ukaguzi wa mashine sasa lijazwe kwa Kiingereza, maana mwenye duka anaishi ng'ambo na Kiswahili hakijui. Pili, Ijumaa atamteua msimamizi wa zamu. Msimamizi ana ofisi. Ofisi ina mlango, feni na kiti cha kuzunguka.

Mkaguzi wa mashine ni mimi. Kiti hicho ni changu. Lazima kiwe changu, kwa sababu mwezi uliopita nilimwambia mama mkwe kwamba tayari ninakikalia.

Jumanne, 7 Mei

Nimeazima kamusi ya shemeji. Nilikusudia maneno hamsini. Nikafika kwenye "good", nikasimama. Maana thelathini na mbili! Nimezihesabu kwa kidole. Chakula kitamu, good. Mtoto mtiifu, good. Dawa inayofanya kazi, sababu yenye uzito, tairi lisilo na pancha, saa nzima na ushei: zote good. Sasa hayo mengine arobaini na tisa ya nini? Watu wanajitesa bure.

Daftari nimelijaza kwa dakika mbili. Mashine namba moja, good. Namba mbili, good. Namba tatu, ya kukaushia, swichi yake ya joto imekwama juu kabisa tangu juzi, na inanuka kuungua. Nikafikiri kidogo. Good.

Bi Nyoosha, mpiga pasi wetu, ambaye naye anakitaka kiti changu, kaandika mistari sita kuhusu pasi moja. Nikamcheka kimoyomoyo.

Jumatano, 8 Mei

Bosi kanisimamisha koridoni, akaniporomoshea Kiingereza huku kashika shavu. Nikamjibu "good", kwa sauti nzito. Akanitazama kwa muda mrefu. Nimemkosha. Baadaye Bi Nyoosha akaninong'oneza kwamba bosi alikuwa ananieleza kuwa kesho anang'olewa jino. Wivu tu huo.

Nyumbani mke wangu kaniuliza kama nimeshamwambia mama yake ukweli. Nikamjibu hakuna haja, kwani ikifika Ijumaa uongo wenyewe utakuwa ukweli. Akasema mama anakuja Ijumaa hiyohiyo kuiona ofisi. Chai ikanipalia.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi wa mashine kapita. Bosi, shavu limevimba, akamwonyesha daftari langu. Kote good. Fundi akafunga mkoba wake, akaondoka bila kugusa kitu. Bi Nyoosha akasema namba tatu inaunguza. Bosi akamjibu kwamba yeye anafuata maandishi. Nikaona fahari.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mkwe kafika saa nne, miwani puani, sweta mkononi. Ni muuguzi mstaafu. Sweta ni la sufu, kalifuma mwenyewe miezi minne, kwa ajili ya baba mkwe anayesumbuliwa na kifua. Akataka nimfulie, aone mkwewe msimamizi anavyochapa kazi. Bosi alikuwa katoka, basi nikamkalisha mama kwenye kiti cha kuzunguka. Akazunguka mara moja, akacheka. Nilifurahi hata machozi yakanilenga.

Mashine zote za kukaushia zilikuwa zimejaa, isipokuwa namba tatu.

Dakika ishirini baadaye nikalitoa sweta. Lingemfaa mtoto mchanga, naye angebanwa kwapani.

Mama mkwe hakufoka. Bora angefoka. Aliomba daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na bosi akaingia akasimama nyuma yake. Mama akaniuliza, mwanangu, mgonjwa akiwa na homa siku nne, na kila siku ukaandika hivi, mgonjwa huyo yuko wapi sasa? Nikalitazama sweta. Bosi akataka nimweleze kwa Kiingereza kilichotokea. Neno nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, na hata mimi niliona haliingii. Kisha mama mkwe akauliza, taratibu kabisa, ofisi hii ni ya nani. Bosi akajibu kabla yangu kwamba bado haina mtu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akachukua kalamu yangu, akaandika kwa Kiingereza mistari minne kuhusu namba tatu. Bosi alipoisoma akamuuliza kama anatafuta kazi.

Jumatatu, 13 Mei

Ofisi kapewa Bi Nyoosha. Feni yake naisikia mpaka huku. Mimi nimewekwa kando ya namba tatu, niizime kwa mkono kila baada ya dakika tano mpaka fundi arudi. Mama mkwe katuma ujumbe kwamba sweta limemkaa vizuri paka wa jirani, na kwamba anafuma jingine ambalo atalifua mwenyewe. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Nimewaza sana. Kosa langu nimeliona, na nalikubali: neno moja halikutosha. Nimerudi kwenye kamusi, na huko kwenye V nimekuta kijineno kingine kinachobandikwa mbele. "Very". Bi Nyoosha anataka taarifa ya namba tatu kabla ya saa sita. Nimeshamaliza. Very good.