Lensi Tatu za Mkunga

Kiganja alimwona yule mama kabla hajamwona mhudumu, na kabla hajakumbuka kwamba yeye si mgeni wa nyumba ile ya wageni na hakuwa na ruhusa ya kukanyaga ukumbi wake wa chai. Mama mwenyewe alikuwa mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, miguuni viatu vipya vya safari ambavyo bado havijaona vumbi. Lakini si viatu vilivyomgandisha Kiganja mlangoni. Mama alikuwa ametundika mizani kwenye komeo la dirisha, ile mizani ya zahanati yenye uso wa duara na mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya kupitishia miguu ya mtoto. Ndani ya mfuko, badala ya mtoto, alikuwa amelaza lensi ya kamera.

"Kilo moja na robo," mama alijisemea, akaandika kwenye daftari. Akaitoa lensi, akaifuta kwa upande wa kanga, akalaza nyingine.

Zilikuwa tatu, zote za kuvuta mbali, ndefu, nene, nyeusi, zile za zamani za chuma kitupu. Kiganja alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Matapeli wa aina yake huwa wacha Mungu sana panapo saa nne asubuhi.

Hapa inafaa msomaji ajue kazi ya bwana huyu, maana yeye mwenyewe akiulizwa angejibu kwamba ni mshauri. Kazi yake ilikuwa kubadilishana lensi na wasafiri, chini ya ngazi za jengo lenye maduka ya kamera. Jina la Kiganja alipewa kwa sababu hakuwahi kuikagua lensi kwa njia nyingine yoyote: aliiweka kiganjani, akafumba macho, akaipima. Nzito ni kioo, na kioo ni mali. Nyepesi ni plastiki, na plastiki ni takataka. Elimu yake yote iliishia hapo, na kwa miaka sita ilikuwa imemlisha. Kwa wateja, hata hivyo, alihubiri kinyume chake. Aliwaambia wapunguze mizigo, wahurumie mabega, wasafiri na lensi moja nyepesi badala ya nne nzito. Wakishakubali, yeye aliwapunguzia zile nzito.

Na siku hiyo alikuwa na shida nazo kweli. Fundi, mwenye duka la kwanza kabisa mlangoni mwa jengo lile, alikuwa amemwambia mwanzo wa wiki: "Niletee lensi tatu za kuvuta mbali, nzima, nikodishe kwa watu wa harusi na michezo. Ukizileta kufikia Ijumaa, meza yangu ya mbele nakuachia. Usipozileta namkaribisha yule muuza makava ya simu."

Ijumaa yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Kiganja aliitamani ile meza mpaka ikamjia ndotoni. Chini ya ngazi tangi la maji lilimdondokea shingoni, wateja waliinama kumsalimu, na kila aliposimama haraka alijigonga kichwa. Mtu anayekaa meza ya mbele huitwa bosi. Mtu anayekaa chini ya ngazi huitwa "we jamaa".

Akarekebisha kola, akavaa uso wa huruma, akamsogelea mama.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimeshindwa kupita. Nimeona mgongo wako nikaumia mimi."

"Marahaba, baba. Umeuonaje mgongo wangu na nimekuelekea?"

"Nimeuona kwenye hizi," Kiganja akasema, akizionyesha lensi kwa kidole kana kwamba ni washitakiwa. "Unasafiri nazo zote?"

Mama akavaa miwani, akamtazama vizuri kuanzia kola mpaka viatu. "Ndiyo shida yangu. Basi linatuchukua hapa saa sita, nakwenda kutembea wiki tatu, milima na maporomoko na ndege wa ziwani. Marehemu mume wangu aliniahidi safari hii miaka mingi. Alikuwa mpiga picha, hizi ni zake. Yeye alikuwa anabeba, mimi nafuata nyuma na chupa ya chai." Kiganja, ambaye si jiwe, akatazama chini. "Sasa nikizibeba mimi, siku ya pili nitarudishwa na machela."

"Na mizani hii?"

"Nilikuwa mkunga. Miaka thelathini na minne nimepima watoto wa watu. Nimestaafu nayo, siwezi kufunga begi bila kupima."

Kiganja akavuta kiti bila kukaribishwa. Alipoanza mahubiri yake, hata mhudumu aliyekuwa anakuja kumfukuza alisimama kusikiliza. Alisema kwamba msafiri mwenye lensi nyingi hapigi picha, anabadilisha lensi tu, na wakati anabadilisha, ndege ameshakwenda zake. Alisema mzigo mzito humfanya mtu aache kamera hotelini, na kamera iliyoachwa hotelini hupiga picha za pazia. Alisema siku hizi kioo kimesoma, kinatengenezwa chembamba, lensi moja ndogo inafanya kazi ya tatu za zamani. Hakuamini hata neno moja katika hayo, na kwa sababu hiyo aliyasema vizuri sana.

"Unaijua wewe lensi kama hiyo?" mama akauliza.

Kiganja akaingiza mkono kwenye begi lake, polepole, akatoa kilensi kifupi cha rangi ya kijivu.

Kilensi hicho kilikuwa aibu yake ya siri. Alikuwa amekipokea miezi mitatu nyuma kwa msafiri mmoja mwenye haraka ya ndege, akampa begi zuri la kamera bila hata kupata nafasi ya kukipima. Alipokipima baadaye, moyo ulimshuka. Kilikuwa hakina uzito. Aliona ameingizwa mjini, yeye, mwenyeji wa mjini, na tangu hapo hakumwonyesha mtu, Fundi akiwa wa kwanza kufichwa.

"Hii," alisema, "ni ishirini na nane upande huu, mia tatu upande huu." Alikuwa akisoma tu namba zilizoandikwa ubavuni. "Maana yake, mama, unampiga picha mwenzako aliyekaa mkabala nawe mezani, kisha bila kuinuka unamfuata ndege aliyetua juu ya mnara kule, unahesabu manyoya."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akailaza mfukoni mwa mizani. Mshale ukatikisika, ukasimama karibu na mwanzo.

"Nusu kilo na ushee," akasema taratibu. "Na hizi zangu tatu zinakaribia kilo nne." Akaitoa, akawasha tochi ya simu, akachungulia kioo mbele na nyuma. Akaivuta, akairudisha, akasikiliza. Akaifunga kwenye kamera yake, akaelekeza dirishani, akabofya. Kisha akaguna, na mkunga akiguna hakuna anayejua kama ni pacha au ni hesabu tu.

"Unataka nini?"

"Mimi? Nakusaidia tu, mama. Hizo nzito niachie, nitahangaika nazo mwenyewe."

"Tatu kwa moja?"

"Mama, hizo ni mzigo! Nakutua mzigo!"

"Hebu subiri, mwanangu, usije ukanilaumu." Mama akavua miwani. "Hizi zimekaa kabatini miaka saba, na chumba kile kina unyevu. Zimulike kwanza."

Kiganja akacheka kwa upole. Mtu anayemulika anaonyesha kwamba ana hamu, na mwenye hamu huzidishiwa masharti. Akaichukua lensi ya kwanza, akaiweka kiganjani, akafumba macho. Uzito ulimshukia mpaka kwenye kiwiko. Akaiona meza ya mbele.

"Mama, hiki kiganja hakijawahi kunidanganya."

"Mimi nimepima watoto wengi. Mzito si lazima awe mzima. Mmulike, mwanangu, tochi si hii hapa?"

"Naziamini, mama. Ni za marehemu."

"Haya. Nimekwambia mara mbili." Mama akaanza kuzipanga lensi zake kwenye begi lao kuukuu. "Lakini tatu kwa moja bado naona naonewa. Niongezee na kile kifuniko cha mvua ninachokiona begini mwako. Na huo mkanda wako wa kamera, laini kweli."

Kiganja akauvua mkanda shingoni mwake mwenyewe. Akalipia na chai. Kisha, kama alivyofanya kwa kila mteja, akatoa hati mbili alizokuwa amezichapisha kwa herufi kubwa, kwa sababu wateja wake walikuwa na tabia mbaya ya kurudi. Hati ilisema: *Nimebadilishana kwa hiari yangu. Nimekagua nilichopokea. HAKUNA KURUDISHANA.*

"Tunasaini wote wawili, mama. Kila mtu na nakala yake. Mimi napenda mambo ya wazi."

"Hata mimi," mama akasema. "Anza wewe."

Akaanza yeye, kwa sahihi yenye mikia miwili.

Njia nzima ya kurudi alibeba begi lile begani huku anapiga mluzi. Bega liliwaka moto, naye akalifurahia, kwa sababu kila maumivu yalikuwa kioo. Aliingia dukani kwa Fundi bila kubisha, akazipanga lensi tatu juu ya ile meza ya mbele, akakaa kwenye kiti chake.

"Bosi mwenzangu," akasema, "mwambie muuza makava atafute pengine."

Fundi hakuzigusa. Alizitazama, akamtazama Kiganja, akazitazama tena. "Umezitoa wapi hizi?"

"Siri ya kazi."

"Kwa mama mmoja mwenye mizani ya watoto?"

Mluzi ukaisha. Fundi akachukua tochi yake ndogo, akafungua kifuniko, akamulika. "Chungulia."

Kiganja akachungulia. Ndani ya kioo kulikuwa na kuvu, nyuzi nyeupe zimetanda kila upande kama utando wa buibui. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na utando mpaka mwanga wa tochi ukakataa kutokea upande wa pili.

"Aliniletea jana," Fundi akasema. "Nikamwambia, mama, zimekufa, hazitibiki, katupe. Akasema hawezi kutupa vitu vya mumewe, afadhali ampe mtu atakayezipenda." Akakohoa ili asicheke. "Akaniuliza anunue nini cha safari. Nikamwambia atafute moja tu, nyepesi, ya ishirini na nane mpaka mia tatu. Ila nikamwambia asipoteze muda, hapa mjini hakuna. Mimi mwenyewe naitafuta, wasafiri wananiulizia kila siku. Sasa wewe ulimpa nini?"

Kiganja akainuka polepole kutoka kwenye kiti cha meza ya mbele.

"Kijivu?" Fundi akauliza, sauti imeshuka. "Kifupi?"

Kiganja akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa ile moja," Fundi akasema akikaa chini, "ningekupa meza na kiti cha kuzunguka pia."

Zilibaki dakika kumi kufika saa sita. Kiganja alitoka mbio, hati mkononi, ingawa mpaka leo hajaweza kueleza hati ile ingemsaidia nini. Alikatiza katikati ya magari, akamwaga ndoo ya mfagiaji, akafika kwenye nyumba ya wageni akihema. Basi lilikuwa limeshaondoka, kwa kuwa madereva wa watalii huwahi siku ile tu ambayo mtu anaomba wachelewe. Liliukaribia mwisho wa barabara, dogo tayari.

"Mama!" akapiga kelele, akiipeperusha hati juu. "Mama, ngoja! Turudishane!"

Kwenye dirisha la nyuma kitu kilimetameta mara moja. Basi likakata kona.

Kiganja alisimama katikati ya barabara, honi zinamlilia kulia na kushoto, na akajisikia mjinga. Alijisikia hivyo kweli kweli, kama alivyowafanya wateja wake wajisikie kwa miaka sita. Alirudi taratibu. Muuza makava alikuwa ameshaanza kutandika vitambaa vyake juu ya meza. Kiganja akapita, akainama, akaingia chini ya ngazi, na tone la maji likamkaribisha shingoni.

Wiki nne baadaye bahasha ilifika kwa Fundi, ndani yake picha moja kubwa. Ilipigwa kutoka mbali, kutoka mwisho wa barabara ndefu, ndani ya basi linalotembea, na bado ilikuwa safi ajabu. Palikuwa na mwanamume anakimbia, mdomo wazi, mkono juu. Jasho lake lilihesabika tone kwa tone. Hati aliyoishika ilisomeka kuanzia herufi ya kwanza mpaka HAKUNA KURUDISHANA, na chini yake sahihi yenye mikia miwili.

Fundi aliitundika mlangoni, juu ya meza ya mbele. Wasafiri wakisimama mbele yake huuliza picha kali namna ile imepigwa kwa lensi gani, na Fundi huwaelekeza chini ya ngazi wakamuulize mwenyewe. Kiganja huwaeleza. Siku hizi hubeba tochi mfukoni, na kwa mara ya kwanza maishani anayaamini mahubiri yake, jambo ambalo limemharibia biashara kabisa.

Nyuma ya picha mama alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kadi za kliniki: *Mwanangu, yote uliyoniambia ni kweli tupu. Nimehesabu manyoya. Mgongo hauumi.*