Umbizo Jembamba

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote kwamba Ofisi ya Uratibu imepata mkuu mpya, tena amepatikana kisayansi. Mkuu huyo ni mimi, Bibi Birika, niliyewapelekea chai miaka kumi na tisa. Naeleza ilivyokuwa, msije mkasema nimeroga.

Mkurugenzi alitaka kupunguza watu. Akaagiza ichorwe ramani kwenye kompyuta: kila mtu nukta, kila anayeshughulika na mwenzake avutiwe mstari, na juu ya mstari liandikwe neno la kueleza wanahusianaje. Wenye mistari michache waondoke. Mwenye mingi kuliko wote aongoze. Nani huyo kama si yeye? Akatia saini, akagonga muhuri. Kwenye nukta yangu akaandikisha: "Si wa lazima." Nina wajukuu watatu wanaokula kwa birika hilo. Siku hiyo nilimwaga chai mara mbili.

Ikabaki kuchagua umbizo, yaani namna ya kuhifadhi faili. Kamati ikakaa siku nne.

Karani wa kompyuta, binti mpole, akasema, "Mheshimiwa, umbizo pana linatunza nukta, mistari na maneno yake. Jembamba linatunza nukta na mistari tu. Maneno yatapotea."

"Yote?" Macho ya Mkurugenzi yakang'aa. Mistari yake ilikuwa mitano: mpwa, mpwa, shemeji, mkwe, chai. Na wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu.

"Yote, mzee."

"Basi jembamba! Ofisi haiwezi kubebeshwa maneno."

"Hoja nzito!" wakaitikia wajumbe, ndio hao wapwa, shemeji na mkwe.

Mimi nilikuwa namimina. "Wanangu, nina kitendawili."

"Tega, Bibi, ila kwa ufupi."

"Kamba zangu zote zinafanana, moja imefunga mbuzi, moja imefunga simba."

"Tumeshindwa."

"Hata mimi. Tutajua siku ya kufungua."

Wakacheka. Karani akaamriwa afute na nakala ya kwanza yenye maneno, kuokoa nafasi.

Jumatatu, wakaguzi wakiwa wamesimama pale, kompyuta ikahesabu. Mkurugenzi, mistari mitano. Mimi, sitini na mitatu, maana hakuna aliyewahi kukataa chai. Mkaguzi mkuu akasoma agizo, akatazama saini, akatazama muhuri.

"Bibi, kiti chako kile pale."

Mkurugenzi akanikimbilia koridoni. "Mama, nihurumie! Waambie mistari yako ni ya chai tu!"

"Ningewaambia, mwanangu. Neno lenyewe liko wapi?"

Akainamisha kichwa. Nami ni mzazi, sikuweza kumtupa. Nafasi ya birika ilikuwa wazi, nikampa. Sukari bado anazidisha, lakini mistari yake inaongezeka.