Maporomoko, Ngome na Jani la Isale

Jumapili, 6 Julai 2025. Walthamstow

Nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Haika alinipigia baada ya ibada. Barua yangu ya posa haitapokelewa mpaka Shangazi Beatha anione kwa macho yake. Baba yake Haika alishafariki, na huyu dada wa marehemu ndiye mwenye neno la mwisho. Nesi mstaafu, mzaliwa wa Marangu, mwaka wa thelathini huu anaishi Norway. Sasa yuko melini, anazunguka Ulaya na wastaafu wenzake. Jumamosi meli inatia nanga Tilbury saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu jioni inaondoka. Ndani ya saa hizo ama napata mke ama namkosa!

Haika alitaka jambo dogo tu: nimlete kwake, tule ndizi nyama, nionekane, basi. Lakini kwenye kundi la wasap la familia Shangazi akalalamika. Bandari iliyopita matembezi ya maporomoko ya maji na mji wa enzi za kati yalifutwa kwa sababu ya ukungu. Deus akawahi kumpa pole. Huyu Deus ni mtoto wa ubatizo wa marehemu, ana gari jeusi la viti saba, na anamwita Haika dada. Dada gani anapelekewa maua kila Pasaka? Akaandika kwamba yuko tayari kumtembeza Shangazi mjini. Vidole vyangu vikanitangulia: Shangazi usijali, maporomoko na mji wa kale hata huku vipo, nitakupeleka mwenyewe, safari yako binafsi.

Shangazi akashukuru sana. Haika akanitumia alama moja tu ya kuuliza.

Jumanne, 8 Julai

Nimetafuta maporomoko karibu na London. Simu imeniletea duka la mabafu.

Baadaye nimeyapata. Yako ndani ya bustani moja kule Surrey, na kwenye picha yananguruma kweli. Mji wa kale uko Kent: ngome, kanisa kuu, vichochoro vya mawe. Kwenye ramani, kutoka maporomoko hadi ngome ni urefu wa kidole changu kimoja. Nimekadiria dakika arobaini. Deus angeliweza hili? Thubutu!

Haika amenitumia tangazo la meli. Linasema meli husubiri abiria wa matembezi yake yenyewe tu. Aliyekwenda kwa safari binafsi akichelewa, shauri yake. Maneno ya kuwatisha watu wanunue tiketi zao. Nimelifuta.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda Kingsbury kuazima vani ya Mzee Suresh mwenye duka la viungo. Kazaliwa Moshi, na Kiswahili chake kinazidi changu. Akauliza kama amenielewa vizuri: mwanamke wa Marangu, anayeishi Norway, nampeleka kutazama maji yanayoanguka? Nikasema ndiyo. Akanitazama sana, kisha akanipa funguo na pakiti ya chevda ya kutafuna njiani. Vani niirudishe Jumapili asubuhi bila kukosa, ana mzigo wa kupeleka harusini.

Jambo moja linanikera kidogo. Shangazi anaamini mimi ni Mkurugenzi wa Usafirishaji hospitalini. Ukweli ni kwamba nawapeleka wazee kliniki na kuwarudisha nyumbani. Lakini huo si uongo hasa. Ndani ya gari lile nani mwingine anaamuru?

Jumamosi, 12 Julai

Taa ya vani ni hafifu. Naandika hivyo hivyo.

Mambo yalianza vizuri. Shangazi ni mfupi, mnene, goti moja bovu, kofia kubwa ya jua. Akapanda vani, akanusa, akauliza kama tunasafirisha bizari. Nikasema ni manukato ya gari. Haika, mpango wake ulipovunjika, alichukua zamu kazini, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mimi nikaongea kiasi cha watu wanne.

Surrey tukafika saa nne. Mvua haijanyesha wiki nyingi. Maporomoko yalikuwa yanachuruzika kama bomba la jikoni lisilofungwa vizuri. Shangazi akayatazama. Mwishowe akasema mfereji wa migomba nyuma ya nyumba ya baba yake una maji kuliko haya. Hata hivyo akapiga picha, kwa heshima.

Kidole kile cha kwenye ramani kilichukua saa tatu. Kwenye benchi chini ya ngome tukala ndizi alizotupikia Haika, njaa imetukaba. Hapo Shangazi alifurahi. Akayapapasa yale mawe. Akanisimulia jinsi kaka yake, marehemu baba yake Haika, alivyokuwa akimbeba mgongoni kumpeleka shule siku za tope. Machozi yakamlengalenga. Na mimi yakanilenga. Halafu akaegemea ukuta, akalala.

Saa tisa. Bado amelala! Ningefanyaje? Huyu ni mkwe! Mkwe hashikwi bega, haamshwi kama mtoto wa bweni. Jua likamfikia usoni, nikasimama kumkinga. Nikakohoa. Nikaenda kuubamiza mlango wa vani mara sita, nikarudi kumkinga. Nikaimba pambio mpaka mtalii mmoja akanitupia sarafu. Nikampigia Haika, akafoka nimwamshe sasa hivi. Nikamuuliza kwa mkono upi? Akakata ili ampigie Shangazi mwenyewe. Simu ya Shangazi ilikuwa melini, inachajiwa.

Aliamka mwenyewe saa kumi na robo, akasema hajalala usingizi mtamu hivyo tangu utotoni. Nikaendesha. Kwenye handaki la Dartford magari yalikuwa yamesimama. Nikamwambia tuko ndani ya ratiba.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Meli katikati ya mto, inakwenda zake. Wastaafu wenzake wakatupungia mikono kwa furaha. Nadhani hawakumtambua. Mtu wa bandarini akatukabidhi bahasha iliyoachwa na meli: pasipoti, simu, dawa za presha.

Shangazi akahesabu vidonge vyake, akarudi kwenye vani. Afadhali angefoka.

Jumapili, 13 Julai

Haika anakaa na wenzake wawili chumba kimoja, kwa hiyo Shangazi amelala chumbani kwangu. Mimi nimelala kwenye vani. Nimeamka nanukia pilau. Mzee Suresh alishapiga simu mara tisa.

Niliporudi kutoka Kingsbury nilikuta sare yangu ya kazi imetandazwa kitandani, kitambulisho juu yake: Dereva, Usafiri wa Wagonjwa. Shangazi ameketi pembeni. Akasema meli si kitu, meli ni bati tu, Jumanne atapanda ndege arudi kwake. Lakini yeye ameogesha wazee wa watu miaka thelathini na hajawahi kuona haya kuisema kazi yake. Mimi naona haya gani? Nilitamani ardhi inimeze.

Mlango ukagongwa. Deus! Suti, na maua. Amekuja kumwahidi Shangazi kwamba atampeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Shangazi akakubali mbele ya macho yangu.

Haika ameandika kwamba amechoka na mimi. Nimelisoma neno hilo mara ishirini. Nampenda, na nimelia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata wazo. Isale!

Kwetu Uchagani mkosaji akija na jani la isale, aliyekosewa hana njia. Lazima asamehe. Ndugu waliogombania mpaka wa shamba miaka kumi wamepatanishwa na jani moja. Lakini isale London utalitoa wapi?

Sokoni Walthamstow! Kati ya meza ya soksi na meza ya feni, Gurdial muuza maua anayo miti ya isale kwenye vyungu, ya kupamba pembe za ofisi. Nikamuuliza kama anajua kwamba huu ni mti wa msamaha. Akasema anajua kwamba hautaki maji mengi. Nikapanda nao basi, mti mzima.

Nyumbani nikakata jani moja, nikalifunga fundo, nikapiga magoti, nikamtolea Shangazi kwa mikono miwili. Haika, aliyekuja kumuaga Shangazi, alikuwa amesimama mlangoni, koti hajavua. Nikasema yote. Mimi ni dereva. Namwogopa Deus. Tangazo la meli nililisoma nikalifuta.

Shangazi akalitazama lile fundo. Akauliza swali moja tu: kwa nini sikumwamsha? Nikajibu kwamba sikuthubutu kumgusa, ila nilimkinga jua. Akauliza, muda wote? Nikasema isipokuwa nilipokwenda kubamiza mlango. Akacheka mpaka akashika goti lake bovu. Akalipokea jani. Akasema kaka yake angenipenda, na barua niilete, lakini iandikwe kazi yangu ya kweli.

Haika akanishika mkono mbele yake! Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Jumatano, 16 Julai

Jana Deus alimpeleka Shangazi uwanja wa ndege. Simwonei wivu. Kidogo tu. Pale mlangoni Shangazi aliniasa: uongo basi, mwanangu. Nikaapa.

Leo nimeandika barua ya posa. Kazi: Dereva. Neno lenyewe limekaa peke yake kwenye mstari, linatia huruma. Nimeliongezea Mwandamizi.

Halafu mjomba wangu akapiga simu kutoka Moshi kuuliza harusi ya Desemba itafanyika wapi. Nami nilikuwa nimetoka kusoma kwenye kundi kwamba Deus amejitolea gari lake jeusi kumbeba bibi harusi. Nikamjibu mjomba kwamba itafanyika ndani ya ngome. Ngome ya kale, kando ya maporomoko. Ukoo mzima umeshangilia, na wengine wameanza kutafuta viza. Haika yuko kazini, bado hajasikia.

Nimeumwagilia mti, maji kidogo tu. Nimehesabu majani. Yamebaki ishirini na matatu. Nikiwa mwangalifu, yatafika Desemba.