Protokole wa Mukwe Wangu

Jumanne, 9 Julai

Irakiza, mchumba wa binti yetu Noella, anatua Bujumbura Alhamisi alasiri. Posa ni Jumamosi. Kazini huko Canada wamempa likizo fupi sana. Akichelewa, anarudi bila mke na sisi tunabaki na pombe na aibu.

Familia ya kijana imemkabidhi Thierry kazi ya kumpokea. Thierry! Mdogo wa mke wangu, kisa tu ana gari. Jioni alikuja hapa kwetu Nyamianda, Uvira, kujitangaza. Eti uwanja wa ndege anaujua kama chumba chake. Nikamwambia kupokea abiria ni sanaa, si gari. Akauliza mimi nimepanda ndege mara ngapi. Swali la kitoto. Nimesindikiza watu wengi.

Nilijitolea niende mwenyewe. Mke wangu Marie akaweka kijiko chini. Alisema baba wa binti hakimbilii mukwe uwanjani, watu watadhani tumechoka kumlisha mtoto. Kweli. Desturi ni desturi.

Lakini protokole akienda, yule mtu wa kumpitisha mgeni kwenye foleni na mihuri? Protokole si baba wa mtu. Protokole ni protokole.

Jumatano, 10 Julai

Nimevuka mpaka wa Kavimvira kwenda kumchagulia mgeni hoteli, ndege isije ikachelewa na mpaka ukafungwa. Marie anajua nimeenda kutafuta kitambaa cha suti.

Kanuni yangu ya hoteli ni moja: ukaribu. Nimepata inayogusa ua wa uwanja wenyewe. Dirishani unaona abiria wakishuka ngazi, hata rangi ya soksi zao! Binti wa mapokezi, Aline, alinieleza kwamba upande huu hakuna mlango, ni nyasi na maji, na kufika uwanjani lazima uzunguke mbali sana. Alinionyesha hoteli nyingine, kule barabarani, mbele ya lango. Nikatazama. Kutoka pale ndege haionekani hata mkia. Inakuwaje hoteli ya uwanja wa ndege?

Nimeshika chumba kwa jina langu. Aline alitikisa kichwa. Hajui biashara.

Alhamisi, 11 Julai, asubuhi

Kofia pana, ipo. Miwani ya jua, ipo. Irakiza hatanijua. Kwenye simu ameona paji la uso wangu tu, maana nashika simu vibaya. Thierry atabaki maegeshoni, hapendi kuacha gari.

Marie anadhani leo namalizia kitambaa.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze pale palipokwenda vizuri.

Ndege ilitua saa yake. Nilisimama kwenye mlango wa kutokea, tayari kumuokoa kijana kwenye foleni. Foleni gani? Akatoka upesi, valizi mkononi, kabla sijajipanga. Hilo lilinivuruga. Protokole anafanya nini kwa mtu aliyekwisha kupita?

Nikapata wazo. Nilimsalimia kwa sauti nene, nikamwambia nimetumwa kutoka Uvira, dereva wake ni yule pale (Thierry, dereva! nilifurahi sana), naye anipe pasipoti nitangulie Gatumba kwa moto, yaani pikipiki, akifika mpakani akute mihuri imepigwa, apite kama waziri. Akasita. Akanitazama mvi. Akatoa.

“Merci, papa,” alisema.

Papa! Nikadhani nimejulikana. Halafu nikakumbuka huku kila mwenye mvi ni papa.

Gatumba afisa alifungua pasipoti, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye picha.

“Mzee, mwenye hii sura iko wapi?”

Nilisema yuko njiani. Akasema basi na muhuri uko njiani. Nilijaribu kumwachia pasipoti. Akakataa, akasema pale si nyumba ya kutunzia vitu. Nikaanza kujiuliza: wale maprotokole wakubwa wanafanyaje? Kuna kitu sikuambiwa.

Nikajificha nyuma ya lori la saruji, Thierry asinione. Nikangoja. Hawakuja. Baadaye nimesikia Thierry alisimamisha gari kwenye daraja la mto, kabla ya mpaka, amwonyeshe mgeni viboko. Mgeni aliyezaliwa Uvira!

Nikapanda moto kurudi uwanjani kuwatafuta. Katikati ya njia gari la Thierry likapita likielekea Gatumba. Nikampigapiga motari, dereva wa moto, begani ageuze. Akadhani namwambia aongeze mwendo. Tulipogeuka na kufika mpakani, walikuwa wamekwisha kurudishwa kwa kukosa pasipoti, wamekwenda uwanjani kumtafuta protokole. Nikawafuata uwanjani. Walikuwa wamekwisha kutoka.

Kumpigia Thierry? Niseme nini? Afadhali nilale kwenye majani na vyura.

Mpaka ukafungwa. Angalau nilikuwa na chumba.

Asubuhi nashuka kunywa chai. Irakiza na Thierry wamekaa wanakula mayai! Hoteli ileile! Thierry anasema kwa sauti, mdomo umejaa, kwamba yule mwizi lazima ni mtu wa Kalundu, kule bandarini ndiko wanakonyang'anyana mizigo ya watu. Kijana hakula. Alikuwa akisema kwenye simu, polepole, kwamba usilie, nitafika. Nikajua anasema na nani. Chai ilinishinda.

Nikampa Aline pasipoti. Nikamsihi aseme imeokotwa. Nikatokea mlango wa jikoni.

Nyumbani Marie aliniuliza nimelala wapi. Nikasema nilikuwa kwenye maombi ya usiku kucha. Akaniuliza kitambaa kiko wapi. Nikasema nimekiombea. Noella ana macho mekundu, usiku hakulala, alidhani mchumba amefungwa. Saa sita Irakiza akapiga simu, amevuka. Binti akacheka na kulia pamoja. Nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku.

Jumamosi, 13 Julai

Wamefika wote, wamependeza. Nilikaa kitini bila kofia, bila miwani, uso wa baba mukwe kabisa.

Msemaji wao akasimama. Kabla ya ng'ombe, akasema, ana salamu. Alimshukuru mtu fulani wa Uvira aliyempokea mtoto wao kwa haraka ya ajabu, haraka mpaka akakimbia na pasipoti. Alisema binti wa hoteli aliwasomea jina la mzee huyo kwenye daftari la wageni, nao wakaona ni jina zuri, la kuheshimiwa. Thierry alikohoa mpaka akatolewa nje. Marie alitazama juu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka sana, nisionekane kuwa sielewi. Kwani Aline hakusema imeokotwa?

Kisha zawadi za baba: fimbo, blanketi na kofia mpya. Irakiza alipiga magoti, akanikabidhi kofia kwa mikono miwili, akanisogelea sikioni.

“Papa, hii muvae siku ya kunisindikiza. Lakini pasipoti nitashika mwenyewe.”

Ng'ombe wakakubaliwa. Noella alicheza hadi kiatu kikatoka. Mukwe mwema. Ila sijui bado alinijuaje.

Jumapili, 14 Julai

Nimetulia, nimechambua. Kosa lilikuwa moto. Ningechukua gari na kumwacha Thierry pale mlangoni na kofia.

Tena kupokea si kipaji changu. Kipaji changu ni kusindikiza. Noella ataondoka miezi ijayo kumfuata mumewe, na pasipoti yake iko tayari. Nilimwomba jana anipe niitunze mimi, nikaanze kuionyesha Gatumba mapema, wamzoee sura. Ameifunga ndani ya kitenge, kiunoni. Anapika nayo. Jana alicheza nayo. Leo ameenda nayo kanisani.

Watoto wa siku hizi wana wasiwasi, sijui wanautoa wapi.