Kivuli cha Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nyamazeni hata ninyi wenye kikohozi, msikie vita alivyopigana Ufito, mwembamba wa viungo, mpana wa nia, dhidi ya unjano wa mpunga. Habari hii nilipewa jana na dada yangu, tukichambua mchele, naye ndiye mama mkwe wa shujaa mwenyewe.

Mwaka uliotangulia Ufito alimwaga mbolea ya kukuzia kwa pupa, shamba zima. Mpunga ukarefuka kama ulimi wa mmbeya, kisha ukaanguka kabla punje hazijajaa. Mkewe akaapa kwamba ukianguka tena, Ufito atauvuna peke yake, kwa magoti. Basi shujaa alipoona shamba limefifia, hakuthubutu kufungua mfuko. Alichomoa kadi ya rangi, ngao yake ya plastiki yenye kijani cha kila namna, kutoka cha njaa mpaka cha shibe, akalaza jani juu yake.

Jua likamchezea shere. Kila jani lilimetameta njano. Shamba zima likalia njaa. Mkono wake ukauendea mfuko.

Ndipo mkewe alipomkumbusha kuwa kadi husomwa kivulini, jani likikingwa na mwili wa msomaji. Ufito akaligeuzia jua mgongo. Masikini, kivuli chake hakikufunika hata kidole gumba. Akajitanua, akatuna mashavu, wapi.

Hapo akashuka kutoka tutani mama mkwe, Mlima Usiotikisika, akatia mguu topeni, vyura wakahama.

"Mkwe wangu," akanena, "binti nilikupa. Leo nakupa na kivuli."

"Mama," akajibu shujaa, macho chini kwa adabu, "tangu leo ubavu wako ni ngome yangu."

"Ubavu wangu uache. Soma jani."

Wakaandamana, ngome mbele, jeshi nyuma. Kivulini kila jani likakiri kuwa limeshiba, mpaka walipofika pembeni, pale maji yaingiapo kwa nguvu na kuondoka na rutuba. Hapo majani ya chini yalikuwa manjano kweli. Mazee yamejinyima yalishe machanga.

"Adui ni huyu," akanguruma Ufito, "na makao yake ni upana wa mkeka."

Bakuli moja la mbolea likatosha. Mfuko ukafungwa, mke akacheka, na Ufito, mwokozi wa kipembe, akalala kabla ya kunawa miguu. Mkewe akamfuata. Akabaki mama mkwe kitini, akinena na ukuta:

"Watakaosimulia waseme kivuli kilikuwa cha nani."

Akakoroma.