Mkwe Aliyetoka Barabarani

Bumula,
16 Agosti 2004.

Kwa Meneja wa Baiskeli za Watalii,
Kitale.

Ndugu Meneja,

Natumai hamjambo huko na hayo magurudumu yenu. Mimi ni Nangila, mwalimu mstaafu, mamake Viola, yule anayewapikia wageni wenu. Namlalamikia Pieter, mtalii wa Uholanzi anayetaka kumwoa. Ningemwambia mwenyewe, lakini sisi Wabukusu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kando mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo msomeeni haya, polepole, yamwingie.

1. Mtu mzima anapanda gari mpaka Kapsokwony, halafu ati anateremka kwa baiskeli hadi Kimilili, kwenye kona ambazo hata punda huzifikiria. Hapeleki maziwa, haiti daktari. Anateremka tu! Akifika chini, mnampandisha tena. Kwetu mtu kama huyo huombewa kanisani.

2. Nasikia nchi yao ni tambarare kama sinia. Sasa aliyezaliwa kwenye sinia ameujulia wapi mteremko? Kofia ngumu mlimpa. Hicho mlichokuwa mnakikinga ndani yake sijakiona.

3. Jumamosi nilikuwa natoka Kapsokwony kwa rafiki yangu Chesang, na vitunguu kichwani. Nikasikia kengele. Kugeuka, ni mkwe, mbio, vumbi mpaka mbinguni! Goti langu ni bovu na kando yangu kulikuwa na bonde, ningepisha wapi? Nikajifunika uso kwa leso. Kumbe Viola alikuwa amemfundisha mila zetu, naye bana akazifuata papo hapo. Alitoka barabarani, akaruka mtaro, akapita katikati ya kabichi za watu, akaishia kwenye ua wa miiba. Bega likavunjika.

4. Hata pale miibani hakutulia kama wagonjwa wengine. Alijiburuta akanipa mgongo, ati asinione. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Niliona aibu, na vitunguu vyangu vyote vilimwagika.

5. Kwa hiyo naomba kila baiskeli itanguliwe na mtu wa miguu, awaulize akina mama wote njiani kama wana binti wa kuolewa. Ikishindikana, wachumba wasipande baiskeli. Hilo nalo likishindikana, fungeni mlima.

6. Mazungumzo ya mahari ya Jumamosi hii nimeyavunja. Viola analia tangu juzi, hali, hanisemeshi. Alie tu. Simpi mwanangu mtu anayechezea shingo yake.

Nisalimieni dereva, mafundi, na huyo anayeisoma barua hii kwa sauti.

Ni mimi mwenye haki ya kukasirika,
Nangila, Bumula.

Tanbihi: Barua hii imelala mezani siku mbili. Nina wakwe wengine wawili, wa hapa hapa. Mmoja hunishika mkono sokoni. Mwingine huingia jikoni kwangu akafunua sufuria. Hakuna aliyewahi kunipisha, hata akiwa kwa miguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia, ndipo akavunjika bega. Mwambieni Pieter aje Jumamosi, kwa gari. Wazee nimewaita tena, na jogoo nimeshamfunga. Mimi nitakuwa nyuma ya jikoni, nimempa mgongo kama alivyonipa.